Maswali ya Wasomaji: Chumba cha Bei Nafuu Karibu na Stesheni

Barua za mwezi huu zimekuja kana kwamba waandishi wake waliagana njiani. Karibu zote zinauliza namna ya kupata mahali pa kulala karibu na stesheni ya reli, katika jiji ambalo msafiri halijui vizuri, bila mfuko kutoboka. Tumechagua tano. Kabla ya kuanza, tunamkumbusha msafiri mgeni kwamba akimwuliza mtu wa mtaani hoteli ya karibu iko wapi, asishangae kuonyeshwa mahali pa wali na maharage, kwa kuwa kwa wengi wetu hoteli ni pa kula. Pa kulala ni gesti, au lojingi kwa majirani zetu wa Kenya.

*Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi ujao ninampeleka mama yangu Dar es Salaam kwenye matibabu ya macho, na kwa kuwa miguu yake huvimba akikaa kwenye basi kutwa nzima, tumekusudia kupanda treni kutoka Mwanza. Nimetafuta kwenye simu gesti zilizo karibu na stesheni ya Dar es Salaam nikaletewa majina mengi, mengine ya Kariakoo, mengine ya Temeke, mengine hata ya Ubungo, na kila moja linajisifu kuwa liko karibu. Nichague vipi? — Mwalimu, Sengerema*

Marahaba, Mwalimu, na mama mfikishie salamu zetu pamoja na pole. Simu yako haikukudanganya. Ilikujibu swali ambalo halikukamilika. Dar es Salaam haina stesheni moja. Ipo stesheni ya reli ya kati, ile ya zamani, katikati ya jiji upande wa bandari, na jirani yake imejengwa stesheni ya reli ya kisasa (SGR) ambayo watu wa bara huijua kwa treni ya mchongoko. Ipo pia stesheni ya TAZARA, ambayo iko kilomita kadhaa kutoka hapo, penye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela lilipo daraja la juu la Mfugale, nayo huhudumia wanaokwenda Mbeya na Zambia. Gesti iliyo hatua mia moja kutoka TAZARA inasema kweli inapojitangaza kuwa iko karibu na stesheni, ila kwako wewe na mama ni safari nyingine ya bajaji. Kwa hiyo siku ya kukata tiketi muulize karani treni yenu inaishia stesheni gani, uliandike jina hilo, na katika simu yako utafute hilo jina badala ya neno stesheni peke yake.

Jambo la pili ni saa, na hapa tunaomba uvumilivu wako, kwa sababu ndipo wasafiri wengi wanapopoteza fedha. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora, na njia hiyo ya zamani bado inakwenda kwa mwendo wake wa zamani: utalala ndani ya treni, utaamka, utalala tena, na saa ya kufika iliyoandikwa kwenye ratiba ni ya kutarajia kuliko ya kuapia. Ukichukua chumba kwa kuamini kwamba utafika mchana, kisha ukafika saa nane za usiku, utakuta mapokezi pamefungwa au chumba kimeuzwa kwa mwingine. Piga simu mapema uulize kama mlango hufunguliwa usiku kucha, na siku ya safari upige tena mkiwa Morogoro, hapo saa ya kufika itakuwa imeanza kueleweka. Angalia pia saa zenyewe, kwa kuwa tiketi na programu za kukata vyumba hutumia saa za kizungu: 14:00 ni saa nane mchana na 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Mwalimu hatahitaji kufundishwa hesabu hiyo, lakini mtu aliyechoka amewahi kuisoma 05:00 akafika stesheni saa tano treni ikiwa imeshaondoka.

Baada ya saa ya kufika, iulize saa ya kutoka. Gesti nyingi humtaka mgeni akabidhi ufunguo saa nne asubuhi. Mimi mwenyewe, miaka kadhaa iliyopita, nilishuka kwenye treni katika jiji moja saa kumi na moja alfajiri, nikalipa chumba, nikalala kama gunia, na saa nne kamili nikagongewa mlango nikaambiwa siku yangu imekwisha, nikitaka kuendelea nilipe tena. Kijana wa mapokezi alikuwa ameniandika katika tarehe ya jana yake. Nilibisha nikashindwa, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Tangu siku ile, kabla sijatoa shilingi, ninauliza kwa maneno haya haya: siku yenu inaanza saa ngapi na inakwisha saa ngapi?

Kuhusu mahali, mitaa ya kutazama ni ya upande wa Gerezani na Mnazi Mmoja, pamoja na ukingo wa Kariakoo unaopakana nayo. Kariakoo ya ndani, kwenye mitaa kama Kongo na Msimbazi, vyumba ni vingi na ushindani wa bei unamsaidia mgeni, lakini mikokoteni huanza kulia kabla ya adhana ya alfajiri, na karibu na Idi na Krismasi wafanyabiashara wa mikoani huvijaza vyumba hivyo wao wenyewe. Kisha kuna ngazi. Gesti nyingi za maeneo hayo ziko juu ya maduka, na chumba cha bei ya chini mara nyingi ndicho kilicho juu zaidi. Kwa mama mwenye miguu inayovimba, swali la ghorofa lina uzito kuliko la runinga na kiyoyozi: chumba kiko ghorofa ya ngapi, na umeme ukikatika lifti inafanya nini? Ukiambiwa ghorofa ya nne na lifti "inatengenezwa", shukuru ukate simu.

Wala usiichukue stesheni kuwa kituo chenu cha safari nzima. Mkishafika, stesheni haiwahusu tena hadi siku ya kurudi. Kama kliniki iko Msasani, laleni usiku mmoja tu karibu na reli ili mama apumzike, kisha hamieni upande wa hospitali; kama ni Muhimbili, iliyopo Upanga, umbali kutoka mjini ni mdogo na mnaweza kubaki pale pale. Tuseme chumba cha mbali ni shilingi 20,000 na cha karibu na kliniki ni 27,000, na bajaji ya kwenda na kurudi kila siku inakula 10,000. Chumba cha 20,000 kimekuwa cha 30,000, na bado hujahesabu foleni ya barabarani wala uchovu wa mgonjwa. Na ikiwa mfuko unaruhusu, kateni daraja la kulala kwenye treni, maana kitanda cha behewani ni malazi ya usiku ambayo tayari yamo ndani ya nauli.

*Ndugu Mhariri, nami nisaidie kwa safari ya kinyume. Ninatoka Dar kuja Mwanza kwa treni kununua dagaa, kisha ninataka kuvuka kwenda Ukerewe. Sijawahi kufika huko. Je, nilale stesheni au bandarini? — Mfanyabiashara, Tandika*

Karibu sana Mwanza, ndugu yetu. Umechagua vizuri kuja kwa reli, kwa sababu stesheni yetu, tofauti na vituo vya mabasi, iko mjini hasa. Anayekuja kwa basi kutoka Dar hushushwa Nyegezi, upande wa kusini nje ya kitovu cha jiji, na anayetoka Musoma hushuka Nyamhongolo, upande wa mashariki. Wewe utashuka mahali ambapo mtu asiye na mzigo anaweza kutembea kwa miguu hadi barabara za Nyerere na Kenyatta. Upande mmoja wa stesheni unaelekea Capri Point, ambako mandhari ya ziwa ni nzuri na bei zake zinajua hivyo. Wewe geukia mjini, kwenye mitaa ya Rufiji, Uhuru na Rwagasore, ambako kuna gesti za wafanyabiashara wa kawaida. Meli za abiria za Ukerewe huondokea bandari ya Kaskazini, iliyo mjini, kwa hiyo huna haja ya kuchagua kati ya stesheni na bandari. Chumba cha katikati kinakutosha kwa vyote viwili. Kuwa mwangalifu na neno bandari, kwa kuwa tunayo pia ya Kusini, ambayo ni ya mizigo.

Ila dagaa wenyewe hawako stesheni. Soko lao ni Mwaloni, Kirumba, na biashara pale huchangamka mapema. Kama kusudi la safari ni mzigo, usiku wa kwanza lala mjini ujinyooshe, usiku wa pili uhamie Kirumba ili alfajiri uwe umefika sokoni kabla ya madalali hawajakujua kuwa ni mgeni. Harufu ya dagaa itaingia dirishani, lakini hilo mtu wa biashara hiyo halimsumbui.

Sasa nikuambie jambo ambalo ramani ya simu haikuambii. Jiji hili limejengwa juu ya miamba. Ramani hupima umbali kama vile ardhi ni mkeka, na gesti inayoonekana iko mita 600 kutoka ulipo inaweza kuwa juu ya kilima, njia yake ikiwa ngazi zilizochongwa kati ya majabali, mahali ambapo bajaji haifiki na bodaboda inapanda kwa kuomba dua. Uliza: gari linafika mlangoni? Uliza na chandarua, kwa kuwa mbu wa pembeni mwa ziwa hawana mzaha. Uliza na maji, usione aibu. Ipo mitaa ambayo ziwa lote linaonekana dirishani huku bafuni umewekewa ndoo. Chumba cha maji ya ndoo si kibaya kama kimesafishwa na bei yake imekiri kuwa ni ya ndoo.

Usimfuate mpiga debe wa stesheni anayekuahidi chumba "hapa nyuma tu". Kamisheni yake italipwa na wewe, na nyumba anayokupeleka huenda ni gesti bubu, isiyo na kibao wala leseni ukutani. Gesti bubu huwa rahisi, ni kweli. Lakini ukipotelewa na fedha za dagaa humo ndani, utakwenda kituo cha polisi kueleza kwamba uliibiwa kwenye nyumba isiyo na jina. Na kama unahitaji kuonyesha matumizi yako kwa mshirika wako wa biashara, dai risiti ya mashine. Nyumba isiyoweza kukupa hiyo imekueleza habari zake.

*Mhariri, nimeona tangazo la vyumba "karibu na SGR Mwanza". Nikichukua chumba hapo nitapanda treni ya umeme kwenda Dar? — Msomaji, Misungwi*

Hapana, hadi tunapoandika haya. Treni za abiria za reli ya kisasa zilianza mwaka 2024, kwanza kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni, kisha zikafika Dodoma mwishoni mwa Julai. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021 na bado ni cha mafundi. Tangazo hilo linakuuzia kesho kwa bei ya leo. Ukitaka kuionja treni hiyo, panda basi hadi Dodoma, ukikumbuka kwamba kituo cha mabasi cha Nzuguni na stesheni ya SGR si mahali pamoja. Hivyo kama utalala Dodoma, tafuta chumba kwa kuangalia kituo utakachoondokea asubuhi, wala si kile ulichoshukia usiku.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni binti wa miaka 24, ninasafiri peke yangu kutoka Bunda kwenda Mombasa kwenye usaili wa kazi. Nitapita Sirari hadi Nairobi kwa basi, halafu nipande treni. Wazazi wana hofu kuhusu mahali pa kulala. Fedha si nyingi. — Binti wa Bunda*

Marahaba, mwanangu. Waambie wazazi kwamba hofu yao ina msingi lakini ina dawa, na dawa yenyewe ni mchana. Panga safari ili kila unaposhuka jua liwe bado lipo, hata kama itakulazimu kulala usiku mmoja zaidi. Treni ya usiku kutoka Nairobi inavutia kwa sababu inaonekana kama inaokoa fedha za chumba, lakini inakufikisha Mombasa kabla hakujapambazuka, tena Miritini, nje ya kisiwa, ambapo utaanza kutafuta usafiri gizani ukiwa na begi. Panda ya asubuhi.

Nairobi nako pana stesheni mbili ambazo wageni huzichanganya. Ile ya zamani iko katikati ya jiji, mwisho wa barabara ya Moi. Ile ya SGR, ambayo treni zake za Mombasa zilianza mwaka 2017, iko Syokimau, mbali na katikati ya jiji kwa upande wa barabara ya Mombasa, na zipo treni za mjini zinazoziunganisha hizo mbili. Basi lako huenda likakushusha katikati ya jiji. Ukilala huko, karibu na stesheni ya zamani, kumbuka kwamba asubuhi una safari ya kwenda Syokimau kwanza, halafu ukaguzi wa mizigo ambao hauendi kwa haraka. Ukilala upande wa Syokimau au Mlolongo, asubuhi yako ni nyepesi; ila Mlolongo ni mji wa madereva wa malori, vyumba vyake vingi vimezoea kelele na wageni wa saa chache, kwa hiyo huko usichague kwa bei peke yake. Kwa binti aliye peke yake ningeongeza fedha kidogo nilale Syokimau.

Ukifika mapokezi, omba uone chumba kabla ya kulipa. Funga mlango kutoka ndani ujaribu komeo kwa mkono wako, kisha tazama dirisha: linafunga, na je, mtu aliye ukumbini au kwenye ngazi anaweza kulifikia? Chumba cha chini kinachotazama uchochoro kikatae hata kama ni safi. Karani akitaja namba ya chumba chako kwa sauti mbele ya watu waliokaa mapokezi, mwombe akubadilishie, wala huhitaji kueleza sababu. Daftari la wageni litakuuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, na huku kwetu hata kabila lako. Andika ukweli, kwa kuwa daftari hilo ndilo litakalokutafutia msaada likitokea jambo, lakini usilisimulie kwa mdomo kwa kila anayekuuliza. Nyumba yenye mama au dada mapokezini usiku ina nafuu yake. Mombasa, mtaa wa Mwembe Tayari una vyumba vya bei ya chini na usafiri mwingi, ingawa ukiwa na ndugu au jamaa wa Bunda aliyeko kisiwani, nenda kwake. Hakuna gesti inayomshinda shangazi.

*Nyinyi waandishi mnatusema sana sisi wenye gesti. Mnatuita wezi kwa sababu ya saa nne asubuhi. Mnajua shuka hufuliwa saa ngapi? — Mwenye gesti, Igogo*

Ndugu, barua yako ni fupi kuliko zote na imetufanya tukae kimya kidogo. Tunakubali. Nyumba ya vyumba kumi yenye wafanyakazi wawili haiwezi kufua, kuanika, kupiga deki na kutandika kama wageni wanatoka adhuhuri, na msimu wa mvua shuka hazikauki kwa kuambiwa. Saa nne ina sababu yake. Tunajua pia kwa nini wengi wenu mnakataa kuuza chumba kwa nusu siku kwa abiria aliyeshuka alfajiri: nyumba ikishajulikana kuuza saa, mtaa hautaiita tena gesti ya wasafiri, na mkeo atasikia maneno sokoni.

Hata hivyo abiria wa treni si mteja wa aina hiyo, naye unaweza kumtambua: ana tiketi. Mwekee bei ya mapumziko ya alfajiri hadi saa nne, umwombe tiketi yake ya siku hiyo kama uthibitisho, na uibandike bei hiyo ukutani kwa saa za Kiswahili, pamoja na saa siku yako inapoanza na inapokwisha, mahali ambapo mgeni ataisoma kabla hajatoa fedha. Kwa wanaolipia chumba wakiwa safarini, tumia namba ya malipo inayoonyesha jina la biashara yako badala ya namba ya kijana wa zamu, kwa sababu wasomaji wetu tumewashauri wasitume fedha kwa jina la mtu wasiyemjua. Ukishabandika hiyo karatasi, tuandikie. Tutakuja Igogo kuisoma.